Tamati ya Chiriku

Nikutegee, nawe usikimbilie kujibu. Nina mgeni anayeingia nyumba mia kwa wakati mmoja. Hapigi hodi, hali, hanywi, na ukiangalia sakafuni huoni unyayo wake. Nani huyo? Ukisema upepo umekosa, upepo huacha vumbi. Ukisema harufu ya kitunguu umekaribia, lakini harufu haimwiti mtu kwa jina. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea, nimekwenda, nimekaribishwa vizuri, nimekula nikashiba na kurudi nimerudi. Mgeni huyo ni sauti ya redio. Na katika nyumba moja kati ya hizo mia, Jumanne moja saa kumi na nusu alasiri, mgeni huyo hakuingia peke yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili na baraza. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia vitambaa, na redio ya mbao juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Mwenye cherehani alikuwa mshonaji ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Aliishi na mumewe, fundi baiskeli. Na mama yake mzazi, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Bibi. Na mtoto wa kike wa miaka tisa aliyeachwa na dada yake Sindano. Dada huyo, Chiriku, alikuwa amekufa miezi minane nyuma kwa homa ya siku nne.

Chiriku alikuwa mtunzi. Siku zile wanawake waliotungia redio ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na gumba likabaki. Wengi hawakujua kuandika, na mambo ya mikataba waliyasikia kwa jirani. Kwa hiyo walikuwa na dawa yao: kila mtunzi alitia jina lake la utani ndani ya ubeti wa mwisho, ubeti waliouita tamati. Walisema mwizi wa wimbo atalazimika kuliimba jina la mwenye mali kwa mdomo wake mwenyewe.

"Nyamazeni, nyamazeni, anakuja!" fundi baiskeli alisema Jumanne hiyo. Mikono yake ilikuwa na grisi hadi kwenye kiwiko, akaongeza sauti ya redio kwa kisigino cha kiganja. "Mke wangu amekaa hapa, na mke wangu yumo humu. Wake wawili, na chakula ni cha mmoja. Nani ana bahati kama mimi?"

"Wewe hata huyo mmoja hujamshibisha," Bibi akasema, akichambua maharage kwenye ungo.

Wakacheka. Mtangazaji akakohoa ndani ya mbao. "Na sasa, wapenzi wasikilizaji, wimbo mpya kabisa. Mtunzi na mwimbaji: Sindano!"

Mtoto alikuwa ameketi chini, miguu imenyooshwa mbele, viatu vipya vya shule vinang'aa. Sindano alikuwa anashona pindo la gauni kwa mkono, akajifanya hasikilizi. Sauti yake ikaanza:

*Kisima nilikichimba, kwa kijiko na kikombe,*
*Wapitao wakaimba, wakanywa na yao ng'ombe,*
*Leo wameweka kamba, mwenyewe hata niombe,*
*Nani ananikataza, maji ya mkono wangu?*

"Eeh!" fundi baiskeli akapiga paja. Lakini Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Kabla ya kila mstari palikuwa na kitu, kama mtu anayevuta pumzi karibu sana na sikio lako. Katika ubeti wa pili hicho kitu kikawa kivuli cha sauti, kinatangulia nusu pumzi, kinakanyaga neno kabla Sindano hajalikanyaga. Fundi akaligonga sanduku la redio. Kivuli hakikuondoka. Ukaja ubeti wa mwisho, na Sindano wa redioni akaimba:

*Tamati nimeishia, Sindano ni jina langu,*
*Wimbo nimewaachia, wasikizi wote wangu.*

Chini yake, kwa mbali lakini wazi kama mtu anayeimba chumba cha pili, sauti nyingine ya mwanamke ikaimba:

*Tamati nimeishia, Chiriku ndilo la kwangu,*
*Wimbo nimeuachia, mwanangu wa tumbo langu.*

Wimbo ukaisha. Mtangazaji akataja bei ya sabuni. Ungo wa Bibi ulikuwa umeinama na maharage yanamwagika moja moja, tap, tap, tap, wala hakuna aliyeyaokota.

Mtoto akasema, "Mama." Kwa miezi minane alikuwa hajalitaja neno hilo hivyo. Mtoto alimwita Sindano *mama mdogo*, kama inavyostahili. Sasa alisema "Mama" tu, na uso wake ulikuwa umeelekea kwenye redio.

Wimbo ulipigwa tena Ijumaa, kwa maombi ya wasikilizaji, na tena Jumanne. Saa kumi na nusu watu walijaa barazani mpaka dirishani. Muuza mkaa aliacha gunia lake katikati ya njia.

"Mimi nauza mkaa, siogopi cheusi," akasema. "Lakini hiki kisichoonekana, mama, nakiachia mwenyewe."

"Si ulisema una haraka?" Sindano akamuuliza.

"Haraka ninayo. Miguu ndiyo haitaki."

Wengine hawakuja kusikiliza. Walikuja kuchukua vitambaa vyao. Mteja mmoja, mama wa bibi harusi, alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti. Gauni la bintiye lilikuwa mezani, limebaki mikono tu.

"Nirudishie, mwanangu. Si kwa ubaya."

"Limebaki siku moja, mama. Nimekwisha tia hata lesi."

"Najua. Mkono wako hauna mfano, Mungu anaona. Ila harusi ni jambo la kheri. Sitaki mtu wa pili ndani ya gauni."

Sindano alilikunja vizuri, akalifunga kwenye gazeti. Yule mama aliupokea mzigo kwa ncha za vidole, na alipofika njiani akaupangusa.

Siku hiyo mtoto alirudi kutoka shule akiwa na viatu mkononi. Aliviweka juu ya kabati, chini ya redio, kimoja kando ya kingine.

"Vinakubana?" Sindano akauliza.

"Vilinunuliwa na wimbo?"

"Ndiyo. Pesa ya kwanza ya wimbo ilinunua viatu vyako. Kwani vibaya?"

Mtoto akavipa mgongo. Alikuwa haendi tena kucheza. Akitoka shule alikaa chini ya kabati, sikio kwenye mbao, hata redio ikiwa imezimwa. Ukimwambia aje ale, huinua kidole kimoja kama mwalimu anayeomba utulivu. Kwa wiki moja tu alikuwa amepungua mpaka shingo ikawa kama bua.

"Mama mdogo," akasema, "ulipokuwa unaimba kule redioni, mama alikuwa amesimama wapi?"

Sindano alikuwa anakata uzi kwa meno. Uzi ukabaki mdomoni.

"Kula maharage yako," akasema.

Bibi aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akarudi kwenye kushona vifungo vyake.

Asubuhi ya Jumatano Sindano akaenda kituo cha redio. Kilikuwa nyumba ndefu ya bati, madirisha yamezibwa kwa magunia ili kelele za barabarani zisiingie. Ndani palikuwa na chumba cha kuimbia, kitupu, kipaza sauti kimesimama katikati kama mlinzi. Na chumba cha mitambo, vimetenganishwa kwa kioo kinene. Taa nyekundu ikiwaka, mlango ulifungwa na mwimbaji alibaki humo peke yake mpaka amalize.

Fundi mitambo alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi wa katani. Alimpokea kwa heshima, akampa kiti.

"Ni jambo la kawaida, mama," akasema. "Utepe huu wa kunasia sauti huviringishwa, tabaka juu ya tabaka. Ukikaa, tabaka moja hulichapa jirani yake, kama nguo mbichi inavyochuja rangi. Hiyo unayoisikia ni sauti yako mwenyewe, inakutangulia."

"Sauti yangu mwenyewe inajiita Chiriku?"

Fundi mitambo akavua miwani. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kuketi. Kwa muda alichezea uzi wa miwani.

"Dada yako alikuja hapa kabla hajaugua," akasema polepole. "Aliimba wimbo ule mara moja, majaribio tu, bila ala. Tukamwambia arudi wiki ijayo tuurekodi vizuri. Hakurudi. Ulipokuja wewe, tepe mpya zilikuwa zimekwisha, na mkuu wa kituo amekataza kurudia zilizotumika. Nikachukua moja ya majaribio, nikaipitisha kwenye kifutio, nikaandika kwenye daftari kwamba ni mpya. Kumbe kifutio kimechoka. Hakikufuta, kilipunguza."

"Kwa hiyo nimeimba juu yake."

"Juu yake hasa."

"Na yeye hana utepe mwingine?"

"Hana. Sauti yake yote iliyobaki duniani iko chini ya yako. Nikitaka kuiondoa naweza, lakini nikiosha moja nimeosha zote mbili."

Sindano alitazama magurudumu mawili ya mashine. Yeye ndiye aliyejua wimbo ule umetoka wapi. Chiriku aliuimba kule nyumbani, katika chumba cha mbele, jioni baada ya jioni, Sindano akikanyaga cherehani na dada akifuata mwendo wa miguu yake. Alipokufa, wimbo ulibaki kama nguo nzuri isiyo na mtu wa kuivaa. Sindano aliuvaa. Alibadilisha maneno machache tu, jina moja na mrithi mmoja, akajiambia kwamba maiti havai.

"Kuna kingine," fundi mitambo akasema, na sasa aliongea kama mtu asiyetaka kuisikia sauti yake mwenyewe. "Yeye aliimba bila ngoma. Wewe uliimba miezi mitano baadaye, wala hukuwa unamsikia, maana mashine ikirekodi haipigi cha zamani. Nimewapima kwa saa. Kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, amekutangulia nusu pumzi ile ile, haizidi, haipungui. Miaka yangu yote sijaona watu wawili wakienda hivyo. Ulikuwa unafuata nini?"

"Tulijifunzia kwenye cherehani moja," Sindano akajibu upesi.

Fundi mitambo akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayepokea chenji pungufu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mtangazaji alikuwa na sauti ya tembo na mwili wa sungura. Watu waliomwona mara ya kwanza walimtafuta mwenye ile sauti nyuma yake.

"Sindano! Nyota wetu!" Akamwaga barua juu ya meza. "Mia mbili na kumi! Kuna mzee ameandika kwamba mkewe aliyekufa alikuwa anaimba vile vile. Kuna waliozimia. Mama, tumepata kitu."

"Nimekuja kuhusu hiyo sauti ya chini."

"Na mimi pia! Nataka nyimbo kumi zaidi, kila Jumanne moja, jina lako linatajwa kabla na baada. Ila zote ziwe nayo, ile ya chini."

"Aliyekufa hawezi kuja kila Jumanne," Sindano akasema.

Mtangazaji akacheka kwa nguvu, akaona anacheka peke yake. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua. "Tia sahihi hapa kwamba wewe ndiye mtunzi wa *Kisima*, na hizo kumi ni zako. Mwanamke wa kwanza mwenye kipindi chake katika redio hii. Leo Jumatano. Nakupa mpaka kesho. Ijumaa kuna mwingine analia kwenye mlango wangu."

Karatasi ililala juu ya cherehani mchana ule wote. Fundi baiskeli aliizunguka kama kuku anavyomzunguka nyoka aliyekufa.

"Nyimbo kumi," akasema. "Mimi nimeziba pancha miaka kumi na miwili, hakuna aliyenitaja kabla wala baada."

"Wateja wananikimbia, na wewe unaniambia kumi?"

"Ndiyo maana nakwambia! Watakimbia, watarudi. Ukitajwa redioni kila wiki, hata yule wa harusi atarudi na gauni lake. Dada yako, Mungu amrehemu, hana anachopungukiwa." Halafu akamtazama mtoto, chini ya kabati, sikio kwenye mbao ya redio iliyozimwa. Sauti ikamshuka. "Au vipi? Mimi sijui. Mambo ya nyimbo siyajui."

Akatoka kwenda kwa baiskeli zake. Bibi akaweka vifungo chini.

"Mama," Sindano akaanza, "lile jambo la wimbo…"

"Nililijua tangu ubeti wa kwanza. Mama hafundishwi sauti ya mwanawe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungenidanganya. Sikutaka nibaki na watoto wawili, mmoja maiti, mmoja mwongo. Nikanyamaza ili nibaki na wewe."

Sindano alijishika mdomo. Alikuwa tayari kwa matusi. Maneno yale hakuwa na ngao yake. "Niliogopa ungesahaulika," akasema. "Wimbo. Ungekufa naye."

"Hiyo ni nusu."

"Ndiyo, mama. Ni nusu. Nusu nyingine nilitaka nitajwe mimi. Tangu tukiwa wadogo, wakija wageni wanaulizia Chiriku yuko wapi. Mimi nawashonea nguo, wao wanaulizia Chiriku."

Bibi akavuta kiti karibu, akamfuta uso kwa pembe ya kitambaa cha mteja. "Mwanangu, kosa lako si kuimba. Ungeimba tu, na ungeliacha jina lake. Angalia mtoto. Anakonda kwa kungojea ubeti mmoja mara mbili kwa wiki, na ubeti wenyewe umeukalia wewe."

Kesho yake, Alhamisi, Sindano alimvisha mtoto gauni safi na kumshika mkono. Mtoto alikwenda pekupeku. Viatu vilibaki kabatini wala hakulazimishwa. Mtangazaji alikuwa amekwisha tayarisha wino.

"Hapa, mama. Chini kabisa."

"Siwezi. Wimbo si wangu. Tamati niliibadilisha mimi. Mtunzi ni dada yangu, Chiriku. Nataka uandike hivyo, na Jumanne utangaze hivyo."

Sauti ya tembo ikatulia. "Unajua unachokisema? Nitasimama mbele ya wasikilizaji niseme nimewadanganya?"

"Sema nilikudanganya mimi. Ni kweli."

"Na fomu je? Fomu inataka sahihi ya mtunzi. Maiti hatii sahihi, mama."

"Mrithi anatia."

"Mrithi ana karatasi ya urithi?"

"Anayo. Umeipiga redioni mara tatu." Na Sindano akaimba, kwa sauti ndogo ya kawaida, kama mtu anayetafuta kitu jikoni: "*Wimbo nimeuachia, mwanangu wa tumbo langu.*" Akamsogeza mtoto mbele. "Tumbo lenyewe halina mwingine ila huyu."

Mtangazaji akamtazama mtoto, miguu mitupu, shingo kama bua. Akatazama dirishani, lakini dirisha lilikuwa gunia. Mwishowe akaifuta kalamu, akasukuma kile kidude cha wino wa kidole.

"Gumba," akasema. "La kushoto. Na wewe, Sindano, zile kumi sahau. Kituo hiki hakimweki hewani mtu aliyebadilisha tamati. Hata usije kuomba."

"Nimesikia."

"Hata baada ya mwaka."

"Nimesikia, bwana."

Alisikia kweli. Uso wake ulisinyaa kama kitambaa kilichopitishwa pasi ya moto kupita kiasi, lakini hakumwachia mtoto mkono. Mtoto alibonyeza gumba juu ya karatasi, akaitazama alama yake, akalibonyeza tena pembeni, kwa uhakika.

Fundi mitambo alikuwa amesikia yote kupitia mlango. Aliwaita ndani. Utepe alikuwa ameuandikia lebo mpya, na alikuwa ameuweka kwenye boksi la peke yake.

"Huu haufutwi," akasema. "Wakinifukuza kwa ajili ya lile daftari, na wanifukuze. Keti, binti. Leo nitaipunguza ya juu kadiri mashine inavyoweza. Haitaondoka yote."

Alimvisha vile vya kusikilizia, vya masikioni, vikubwa kuliko kichwa chake, na mtoto akavishikilia kwa mikono miwili. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Wakubwa hawakusikia kitu isipokuwa mlio wa mashine, lakini walimwona mtoto: pumzi yake ilipanda, ikangoja, ikashuka, ikafuata mwendo wa mtu mwingine. Ilipofika tamati midomo yake ilisogea pamoja na maneno. Kisha magurudumu yakasimama.

Hakulia. Alivua vile vitu, akavirudisha mezani taratibu, na kupitia kioo akakitazama chumba cha kuimbia, kilichokuwa kitupu, na kipaza sauti katikati yake. Alikitazama kwa muda mrefu, mahali pamoja, kama mtu anayetafuta alama sakafuni.

Sindano akachuchumaa kando yake.

"Uliniuliza alikuwa amesimama wapi," akasema.

Mtoto akageuza uso. Fundi mitambo naye akaacha alichokuwa anakifanya.

"Nyuma yangu. Aliniwekea mkono hapa, begani, akawa ananigongea mwendo kwa kidole, kila mstari, mpaka mwisho. Nilidhani ni fundi ameingia kunisaidia. Nilipomaliza nikageuka nimshukuru, na fundi alikuwa huku, ng'ambo ya kioo."